Warudi Makwao

Januari 2025, maaskofu Wakatoliki wa Kongo na viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti ya nchi hiyo walitangaza kwa pamoja kile walichokiita Mkataba wa Kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri, nchini Kongo na katika Maziwa Makuu kwa jumla. Walichokitaka ni chepesi kukitamka: Wakongo wote wakae chini wazungumze, walio madarakani, walio upinzani, na walioshika bunduki. Mwezi haujaisha, Goma ikaangukia mikononi mwa M23, kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara nyingi kwamba linasaidiwa na jeshi la Rwanda, na Kigali imekuwa ikikana. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Lakini kabla Bukavu haijaanguka, tarehe 12 Februari, maaskofu na wachungaji walikwenda Goma wakakaa na Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa waasi, kisha wakaenda Kigali kuonana na Rais Kagame.

Wakongo wengi walikasirika. Walisema kumwendea mtu aliyeteka mji kwa bunduki ni kumpa heshima asiyostahili. Nami nilipozisoma habari hizo kwenye simu, nikiwa nyumbani Mbezi Luis, nilikuwa upande wao. Nilimkumbuka Nangaa wa zamani, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, ambaye tume yake Januari 2019 ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi, na maaskofu haohao, waliokuwa wametawanya waangalizi wao nchi nzima, wakasema hesabu zilizotangazwa hazilingani na walizokusanya wao. Leo wamemfuata Goma. Niliona kama wamesahau. Imenichukua muda kufikiri kwamba huenda walikuwa wanakumbuka mengi kuliko mimi, na hata sasa nalisema hili kwa kusitasita.

Mtu anaweza kuuliza, Mbezi Luis na Kivu wapi na wapi? Lakini anayekaa huku anajua kwamba Kongo inatupitia mlangoni kila siku. Barabara ya Morogoro hailali. Malori yanatoka bandarini na makontena ya transiti, mengine yanaelekea Tunduma hadi Lubumbashi, mengine yanakwenda kuvukia Rusumo, na yanayorudi yamebeba shaba iliyofungwa kwa mikanda na kufunikwa turubai. Kituo cha mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa Februari 2021, ndicho kinachosafirisha watu kwenda Kigoma, Kasulu na Kibondo, na alfajiri wapiga debe huyaita majina hayo kwa sauti ileile wanayoitia Morogoro na Dodoma. Kasulu ndiko iliko kambi ya Nyarugusu. Kibondo ndiko ilikojengwa kambi ya Nduta. Na mitaani kwetu wapo watu wenyewe, kimyakimya, msusi hapa, fundi cherehani pale, ambao ukiwasikiliza vizuri unagundua Kiswahili chao kina mwendo mwingine.

Jumuiya yetu ndogo ndogo husali Jumamosi asubuhi na mapema, nyumba kwa nyumba, kabla watu hawajatawanyika kwenye mihangaiko yao. Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025 ndiyo siku wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za SADC walipokutana Ikulu, Dar es Salaam, kwa ajili ya vita ya Kongo. Rais Kagame alikuja mwenyewe, Rais Tshisekedi alishiriki kwa njia ya video, na mwisho wa mkutano walitaka mapigano yasimame mara moja na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Wanajeshi wetu wa Tanzania walikuwa huko Kivu ndani ya kikosi cha SADC, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, na wapo ambao hawakurudi hai. Kwa hiyo watu walikuwa na uchungu. Sisi, upande huu wa mji, tulikuwa uani kwa mwanajumuiya, viti vya plastiki vimepangwa duara, mshumaa unawaka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na mwenyekiti akasema kwa kuwa wakubwa wanakutana leo, basi nasi tuombee amani. Tulipofika kwenye maombi, mmoja wetu akaomba kama tulivyozoea kuomba siku zote: tunawaombea ndugu zetu wakimbizi, Bwana uwajalie warudi makwao salama. Tukaitikia.

Mama mmoja wa Bukavu hakuitikia. Alikuwa ameilaza simu yake mapajani juu ya kitenge, kioo kikitazama juu, imechomekwa kwenye pawabenki, na kila ilipowaka aliiinamia kidogo kisha akainua kichwa. Mama yake mzazi alikuwa bado Kadutu, mjini Bukavu. Tulipomaliza, watu wakiwa wanakusanya viti, alimsogelea mwenyekiti akamwambia kwa upole, pasipo lawama sautini: "Baba, munaomba kila juma turudie kwetu. Siye tutarudia wapi?" Mwenyekiti akamjibu, "Mama, tunawatakia mema." Naye akasema, "Najua, Baba." Akachukua rozari yake akaondoka.

Sitasema zaidi kumhusu. Anakaa kwa nani, anafanya kazi gani, ana karatasi gani mkononi, yote hayo nayaacha, maana kumweleza vizuri ni kumweka mahali pabaya. Sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kambini na atoke kwa kibali. Anayeishi mjini bila kibali hicho anaishi kwa hisani ya majirani, na hisani ya majirani hukoma siku watu wanapogombana.

Ombi lile lilikuwa letu sote, na lilitoka katika mioyo mizuri, hilo silitilii shaka. Lakini siku hizohizo nikasoma habari nyingine. Kuzunguka Goma kulikuwa na makambi makubwa ya watu waliokimbia vijiji vyao ndani ya Kongo yenyewe, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, mahema yaliyobanana juu ya mawe meusi ya volkano. M23 walipoushika mji, watu wa Bulengo na makambi ya jirani waliambiwa waondoke ndani ya saa 72, warudi vijijini kwao. Baadaye kundi hilo likasema kurudi ni kwa hiari ya mtu. Nilisoma habari ile mara ya pili nikaiweka simu chini. Waliokuwa wameshika mtutu na sisi tulioshika rozari tulikuwa tumetamka kitu kilekile katika juma lilelile, warudi makwao.

Nia zetu hazikuwa moja, najua. Hata hivyo sikuweza tena kuliomba ombi lile kwa wepesi, kwa sababu nilianza kuona linaruka nini. Linaruka swali la nani amelala sasa katika nyumba aliyoiacha mkimbizi, nani analima shamba lake, na kama aliyemkimbiza ndiye atakayempokea. Linaruka pia swali la huku aliko leo, anakula nini, mtoto anasoma wapi. Mtu tunayemwombea arudi kwao tumeshamsafirisha moyoni, na mtu aliyeshasafirishwa hatuna haja ya kumuuliza kodi ya nyumba anailipaje.

Katika kuhangaika na jambo hili nilimrudia Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, Askofu Mkuu wa Bukavu. Mwaka 1994 Wahutu kutoka Rwanda walipomiminika Kivu, katikati yao walikuwamo waliochinja watu katika mauaji ya kimbari, na walikuwamo wanawake, wazee na watoto ambao hawakumgusa mtu. Ulimwengu ulikuwa umechoka kuwatenganisha. Munzihirwa aliandika na kupaza sauti tena na tena kwamba mwenye hatia ashtakiwe kwa hatia yake na asiye na hatia asihukumiwe kwa ajili ya kabila lake. Msimamo huo haukumpatia rafiki upande wowote. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, Bukavu ikitekwa, askari walimuua barabarani, na mwili wake ukalala hapo mpaka kesho yake. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, naye alisema kweli kuhusu mateso ya watu wake, na mwaka 2000 waasi wa wakati huo wakamzuia asirudi Bukavu, akakaa Butembo miezi saba, na majuma machache baada ya kuachiwa akafia Roma.

Nilikuwa nikiyajua majina haya kama tunavyoyajua majina ya watakatifu, kwa heshima na kwa mbali. Sasa yananisumbua kwa karibu. Maana nilidhani wito wa kanisa kuhusu amani ni kusimama katikati ambako hakuna anayerusha jiwe, kumbe hawa walisimama mahali ambapo mawe yalitoka pande zote.

Na bado siwezi kulisema hili kwa kujiamini kupita kiasi, kwa sababu kanisa linaloita watu kwenye amani katika ukanda huu lina damu kwenye sakafu zake. Nyarubuye haiko mbali na mpaka wetu wa Rusumo. Mwaka 1994 watu walikimbilia kanisani pale wakiamini hapatakuwa na wa kuthubutu, wakauawa humohumo. Wapo mapadre na watawa waliohukumiwa kwa kushiriki mauaji yale. Machi 2017 Papa Fransisko, mbele ya Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na za watu wake katika mauaji hayo. Kwa hiyo Mnyarwanda anaposikia askofu anazungumzia haki ya mkimbizi wa Kihutu, au hofu ya Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, au adha ya Mshi wa Bukavu, ana sababu ya kuuliza mlikuwa wapi. Sijui askofu humjibu nini. Mimi nisingekuwa na jibu, na nadhani anayetaka kuzungumzia amani Maziwa Makuu hana budi kulibeba swali hilo kila aendako.

Mama wa Bukavu nilizungumza naye tena miezi ilipopita, baada ya mji wao kuchukuliwa. Nilimuuliza juu ya maaskofu kwenda kukaa na Nangaa, nikitegemea atakuwa na hasira kunizidi. Hakuwa nayo. Alinieleza habari ya benki. Waasi walipoingia, benki za Goma na Bukavu zilifungwa, mishahara ikakwama, na uwanja wa ndege wa Goma ukabaki umefungwa. Mama yake hakuwa na njia ya kupokea fedha ila kwa kumpitia huyu na yule, na kila mkono ulikata chake. "Kama maaskofu hawaendi kusema nao," akaniambia, "nani atasema nao? Mama yangu iko ndani." Sikuwa nimeliona hivyo. Nilikuwa nimewatazama maaskofu na Nangaa, nikashindwa kuwatazama walio ndani, ambao kwao aliyeshika ufunguo wa mji, awe halali au haramu, ndiye wa kuombwa dawa ipite. Sijafika mahali pa kusema kila mazungumzo na mwenye bunduki ni mema. Lakini hasira yangu ya mbali, niliyoidhani ni uaminifu kwa walioonewa, haikuwa imewagharimu waasi kitu, wala haikumsaidia bibi yule wa Kadutu.

Kwa Watanzania jambo hili lina ugumu wake, kwa sababu tumezoea kujisifu, na sifa zenyewe si za uongo. Mwaka 1972 Warundi walipokimbia mauaji, walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka msitu, wakajilisha na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi laki moja na sitini elfu wa makazi yale, wao na watoto wao, walikabidhiwa uraia wa Tanzania, jambo ambalo nchi chache sana duniani zimelifanya kwa kiwango hicho. Makanisa yalikuwamo tangu mwanzo: shirika la kuhudumia wakimbizi la TCRS lilianza 1964 kwa mkono wa Walutheri, na Wajesuiti walianzisha Radio Kwizera huko Ngara mwaka 1995 ili wakimbizi wapate habari za kweli badala ya uchochezi uliowafikisha pale walipokuwa.

Ila nchi hiyohiyo, Desemba 1996, iliwaambia Wanyarwanda wote waondoke kabla ya mwaka kwisha, na askari wakasimama barabarani kuhakikisha. Nchi hiyohiyo ilijitoa mwaka 2018 kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa uliokusudia wakimbizi wajitegemee, na masoko ambako mkimbizi na mwenyeji walinunuliana mihogo na sabuni yakafungwa. Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka huo leo ana watoto wake, na wote hao, ukiwauliza kwao ni wapi, watakuonyesha mtaa wa kambi. Warundi wa Nduta wamekuwa wakihimizwa warudi kwa kuwa kwao kumetulia. Huenda kweli kumetulia. Februari 2025, Wakongo waliovuka mto Rusizi kuikimbia vita walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, hukohuko Burundi. Desemba mwaka huohuo, siku chache tu baada ya Tshisekedi na Kagame kutia saini makubaliano Washington, M23 waliingia Uvira, mji wa Kongo ulio karibu na mpaka wa Burundi, na makumi ya maelfu wakavuka tena kwenda Burundi.

Juni 15, 2025, kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi ya kukagua ubora wa bidhaa mpakani. Ulipofika mchele ulioharibika, alikataa hongo, akakataza usipite, kwa sababu ungeliwa na maskini wa mji. Wakamteka na kumuua Julai 2007. Namfikiria mara nyingi kuliko ninavyowafikiria marais waliotia saini, kwa sababu alichokuwa nacho mkononi ni mhuri tu. Huku kwetu mihuri ipo pia. Mwenye nyumba anayemtoza mpangaji zaidi kwa kuwa anajua hawezi kwenda kushtaki. Mwalimu anayeweza kumwandikisha mtoto au kumwambia mzazi alete cheti ambacho anajua hakipo. Sisi wenyewe, jumuiya yenye watu wa kazi za kila namna, tuna mihuri ya namna hiyo, na hatujawahi kuizungumzia tukiwa tunaombea amani ya Kongo.

Nililisema hili jumuiyani. Nilipendekeza ombi letu libadilike, na kwamba tungemwomba paroko afikishe juu rai yetu, ili Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu wetu wa Tanzania uitaje Nyarugusu kwa jina, uzungumzie kibali cha kutoka, soko na kazi, mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, wakati Goma haimo. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha Ngara, hakuitikia.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwepo." Akaeleza polepole. Mto Kagera ulileta maiti kwanza, ndipo wakaja watu. Mwishoni mwa Aprili 1994 waliingia kupitia Rusumo kwa siku moja watu wanaokadiriwa robo milioni, wilaya nzima ikazidiwa. Waliwapa mihogo, waliwapa visima. Baada ya mwaka hapakuwa na mti wa kuegemea, ng'ombe waliibwa usiku, na kati ya waliokuja kuomba chumvi walikuwamo wenye mapanga waliyoyatumia ng'ambo. Serikali iliposema warudi, wanakijiji walishangilia. "Na mimi nilishangilia," akasema, "na sijatubu, kwa sababu sijaona bado kama ilikuwa dhambi. Mkiandika haki ya mkimbizi, mtuandike na sisi."

Nilimjibu kwa habari ya Mishamo na Katumba, jinsi watu walivyopewa ardhi wakaacha kuwa mzigo. Akaniuliza ardhi hiyo leo iko wapi, Kasulu ambako vijana wa wenyeji wenyewe wanagombania nusu eka. Nyerere alikuwa na msitu wa kugawa, akasema, wewe una nini? Nikasema nadhani kibali cha kufanya kazi hakihitaji eka. Akasema kazi zenyewe ziko ngapi. Tukaendelea hivyo hadi mwenye nyumba akatuletea chai, na niliona kwamba hakuwa anapinga ili anishinde. Alikuwa anawatetea watu wa Ngara ambao hakuna askofu aliyewahi kuwaandikia barua.

Tumekubaliana kulipeleka suala hili parokiani baada ya Pasaka, yeye na mimi, kila mmoja aseme lake pasipo kulipunguza. Tumekubaliana pia kwamba mama wa Bukavu asikilizwe kabla yetu, ikiwa mwenyewe atapenda, na ikiwa tutapata namna ya kufanya hivyo isiyomletea hatari. Namna hiyo hatujaipata. Mzee anadhani asimame mtu mwingine amsemee. Mimi naona amesemewa vya kutosha.